Kabla Ununue Seva Kubwa, Jifunze Vile Seva Inasubiri

Wasee, leo naanza na aibu yangu mwenyewe, ndio mtu asiseme najifanya mjuaji.

Mwaka jana mtaani kwetu huku Kaptembwo kulikuwa na tonamenti ya mpira. Si kitu kikubwa, timu nane tu, uwanja wa vumbi, refa ambaye kila mtu anamjua kwa jina. Mimi nikajitolea kutengeneza ukurasa wa kuonyesha matokeo mechi ikiendelea. Unafungua linki, unaiacha wazi, bao likiingia linaonekana kwa simu yako saa hiyo hiyo. Nikakodi seva ndogo ya dola 5 kwa mwezi, RAM gigabaiti 1. Kodi nikaiandika kwa Python. (Kodi ya programu, si ile ya nyumba.) Sehemu kubwa niliitoa kwa somo la mtandaoni, nikabadilisha majina ya timu, nikajisifu kwa rafiki zangu.

Siku ya nusu fainali linki ikasambaa. Wasee wa mtaa wakaituma kwa binamu zao Nairobi, binamu wakaituma mpaka Gulf. Dakika ya 70 hivi, ikakufa. Seva ikasema imefungua faili nyingi kupita kiasi. Nikaenda kwa Google, nikapata amri ya kuongeza kiwango kutoka 1024 hadi 4096, nikawasha tena. Watu wakarudi. Ikakufa tena, sasa na kosa lingine ambalo hata sikulisoma vizuri.

Kwa grupu ya WhatsApp nilitukanwa vizuri sana. "Bro, score ni ngapi bana?"

Sasa sikia nilichofanya. Nilisema seva ni ndogo. Nikaenda kwa mweka hazina wa timu yetu, nikamwambia fainali itatuaibisha mbele ya watu wa ng'ambo, na tukachukua elfu tano na kitu kutoka pesa ya jezi. Nikakodi seva ya dola 40. RAM mara nane, prosesa nne. Nililala nikijua mambo iko sawa.

Fainali ikaanza. Tulipofika watu elfu moja na kidogo, seva ikaanguka. Pale pale. Nambari ile ile.

Seva kubwa mara nane, ikaanguka mahali ile ndogo ilianguka. Na vijana wakacheza msimu uliofuata na jezi za zamani.

Aliyeniokoa ni jirani yangu wa ploti, mse wa mwaka wa nne pale Egerton. Alikuja na chai yake kwa kikombe, akasoma ule ujumbe wa kosa mara moja tu.

"We kijana, hii select umeitoa wapi?"

"Kwa tutorial."

"Ya mwaka gani?"

Sikuwa najua. Akacheka, akaketi, na hiyo jioni akanifunza kitu ambacho nadhani kila kijana anayejiita developa hapa Nakuru anafaa kukijua kabla aguse pesa ya mtu: mashine inatumia muda mwingi sana ikisubiri, na vile inasubiri ndio inaamua kama itabeba watu elfu moja au elfu mia.

Wacha niwaeleze vile mimi nilielewa.

Kila mtu anayefungua ukurasa wako, kerneli ya seva, yaani ule moyo wa mfumo unaosimamia kila kitu, inamfungulia soketi. Soketi ni kama kiti chake ndani ya matatu. Programu yako ndiyo makanga. Kazi ya makanga ni kujua nani anataka kitu saa hii.

Amri ya select ni ya zamani, ilikuja na 4.2BSD mwaka 1983. Inafanya hivi: makanga anampa kerneli orodha ya viti vyote, kisha anapumzika. Mtu akisema "shukisha!", makanga anaamka. Lakini hajui ni nani amesema. Kwa hivyo anaanza kiti cha kwanza: ni wewe? Hapana. Ni wewe? Hapana. Mpaka mwisho. Akimaliza anaandika orodha yote upya na kuipeana tena. Kwa matatu ya Njoro yenye abiria 14, hakuna shida, utafika Njokerio bila kugundua. Lakini weka abiria 1,000. Mmoja akiongea, unauliza 1,000. Wakiongea mara 50 kwa sekunde, hayo ni maswali 50,000 kila sekunde, na karibu yote jibu ni "si mimi".

Na select iko na ukuta. Ile orodha yake, kwa kawaida, ina nafasi 1024 tu, na nafasi hizo zimewekwa wakati programu inajengwa. Ukiongeza RAM haziongezeki. Ukiongeza prosesa haziongezeki. Soketi ikipata namba inayozidi 1023, Python inakataa kabisa. Hilo ndilo lile kosa la pili ambalo sikusoma. Pesa ya jezi ilinunua gari kubwa lenye orodha ile ile ya viti.

Amri ya poll ilikuja baadaye na ikaondoa ule ukuta wa 1024. Lakini tabia haikubadilika. Bado kila mara unapeana orodha nzima, bado kila kiti kinaulizwa.

Kisha kuna epoll. Hii ilitengenezwa na Davide Libenzi, ikaingia kwa Linux mwaka 2002 wakati wa toleo la majaribio la 2.5, na watu wa kawaida wakaipata na Linux 2.6 mwisho wa 2003. Hapa makanga anasajili kila abiria mara moja tu, anapoingia. Kerneli inakaa na hiyo orodha yenyewe. Abiria akitaka kitu, kerneli inaandika jina lake kwa karatasi ndogo pembeni. Makanga akiamka anasoma karatasi hiyo peke yake. Wako elfu kumi ndani, watatu wameongea, anahudumia watatu. Basi.

Kwa kodi yangu, kutoka select kwenda epoll kulikuwa kubadilisha mistari michache, kwa sababu Python iko na moduli inaitwa selectors, na ukiwa kwa Linux inakuchagulia epoll yenyewe. Wiki mbili baadaye kulikuwa na mechi ya hisani. Nilirudi kwa seva yangu ya dola 5. Ilibeba miunganisho 1,900 hivi (mingine ni simu moja imefungua mara tano, najua) na prosesa haikufika hata robo.

Dola 5, wasee. Ile ya 40 ilikuwa imeshindwa.

Hiki kitu si kigeni kwa dunia. Mwaka 1999 Dan Kegel aliandika kuhusu tatizo aliloliita C10K: seva moja inawezaje kuhudumia watu elfu kumi kwa wakati mmoja? Ilikuwa swali gumu kweli. Januari 2012 WhatsApp wakatangaza kwamba seva yao moja imeshikilia miunganisho zaidi ya milioni 2. Wao hawakutumia Linux, walitumia FreeBSD, ambayo iko na ndugu ya epoll inaitwa kqueue. Mashine zilikuwa zimekua, ndio. Lakini kama WhatsApp wangeuliza watu milioni 2 mmoja mmoja kila mtu akituma "sema", hiyo programu haingefika Nakuru.

Na wewe unaitumia epoll saa hii ukisoma. Android imekaa juu ya kerneli ya Linux, na ule uzi mkuu wa kila programu kwa simu yako husubiri kwa epoll. Ukigusa kioo, inaamka. Usipogusa, inalala. Ndio maana betri inafika jioni.

Sasa najua mtasema nini, kwa sababu nishaambiwa ana kwa ana.

Ya kwanza: "Hayo ni mambo ya Wazungu wa kerneli. Sisi tunatafuta kazi." Sawa. Lakini angalia tabia hii vile imepanda juu mpaka kwa kazi zetu za kila siku. Nimeona programu nyingi za wanafunzi wenzangu, na zangu mwenyewe zikiwemo, zenye mteja akilipa na M-Pesa, simu inauliza seva kila sekunde mbili: amelipa? Amelipa? Amelipa? Hii si poll ya kerneli, ni kitu kingine kilicho juu yake, lakini ugonjwa ni ule ule. Daraja ya Safaricom inakupa njia zote mbili: unaweza kuuliza hali ya malipo, au unaweza kuacha anwani yako wakuletee jibu likifika. Wengi wetu tunachukua ile ya kuuliza kwa sababu ni rahisi kuandika usiku wa manane.

Piga hesabu. Kila sekunde mbili ni mara 30 kwa dakika, mara 1,800 kwa saa. Mtu wa boda aliyeacha programu yako wazi saa nane ameuliza mara 14,400. Tuseme kila swali na jibu lake ni kilobaiti 1 tu: hizo ni megabaiti 14 hivi kwa siku, za kusikia "bado". Mtu huyo ananunua bando ya shilingi 20. Uvivu wako wa mistari kumi anaulipa yeye, na hata hajui kuna kitu analipia.

Ya pili: "AI itaandika." AI inaandika, hata mimi naitumia. Lakini ukiiomba seva rahisi ya mfano, inaweza kukupa select, na ukiomba epoll inakupa epoll. Zote mbili zitawaka vizuri ukijaribu na watu watatu kwa chumba chako. Asiyejua kuna tofauti hana hata swali la kuuliza. Mimi sikukosa majibu siku ya fainali. Nilikosa swali.

Ya tatu, na hii ndiyo nzito: "Siku hizi unanunua tu mashine kubwa." Unanunua na dola. Mse wa California akiongeza seva ni kama sisi kuongeza kachumbari. Mimi niliongeza seva timu ikakosa jezi. Kwetu kujua mashine inavyofanya kazi ndani ndio mtaji wa kwanza, kabla ya ule wa benki.

Lakini sitaki mtoke hapa mkisema kuuliza ni mbaya na kusubiri ni vizuri, halafu muishie hapo. Jirani yangu alinikataza hiyo pia. Alinipa mfano wa mama wa chapo pale Njokerio. Saa nne asubuhi anakaa, mteja akija anamwita, anaamka. Hiyo ni sawa. Lakini saa saba mchana kukiwa na foleni ya watu thelathini, kila mmoja akimwita "mathe! mathe!" na yeye ageuke kila mara, hatakaanga hata chapo moja. Saa hiyo anawanyamazisha wote na kushika foleni mwenyewe, mmoja mmoja.

Kerneli inajua hiyo. Kadi ya mtandao ikipokea pakiti inapigia prosesa kengele. Pakiti zikiwa nyingi sana, prosesa inashinda ikijibu kengele na haifanyi kazi yoyote. Ndio maana mwaka 2001 Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov waliwasilisha mpango unaoitwa NAPI: kengele ya kwanza ikilia, kerneli inazima kengele, inaenda yenyewe kuchota pakiti kwa mafungu, kwa kawaida hadi 64 kwa zamu, na foleni ikiisha inawasha kengele tena. Mwaka 2013, Linux 3.11 ikaongeza kitu kingine: programu yenyewe inaweza kukaa ikitazama kadi kwa muda mfupi sana bila kulala, ndio pakiti ikifika isichelewe hata kidogo. Ni haraka kweli. Lakini ni kama makanga aliyesimama juu yako njia nzima akikuangalia mdomo. Anachoka hata kama huongei, na kwa mashine, kuchoka ni umeme.

Umeme ndio unatuleta nyumbani, hapa kwa kaunti yetu.

Olkaria iko Naivasha. Mvuke wake umekuwa ukizalisha stima tangu 1981. Mei 2024, wakati Rais Ruto alikuwa ziara ya kiserikali Marekani, Microsoft na G42 ya Imarati walitangaza uwekezaji wa dola bilioni 1 Kenya, na sehemu yake kubwa ni kituo cha data pale Olkaria, kikianza na megawati 100. Kijengwe haraka au kichelewe, hoja yangu ni ile ile. Kituo cha data ni nyumba imejaa mashine ambazo, kwa sehemu kubwa ya kazi yao ya mtandao, zinasubiri pakiti. Vile zinasubiri ndio vile mvuke wetu unatumika.

Na hapa ndio kuna kitu kilinigusa. Januari 2025 Linux 6.13 ilitoka na mabadiliko ya Martin Karsten wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, akishirikiana na Joe Damato. Wazo lao ukilisoma utamkumbuka mama wa chapo: programu ikiwa na kazi nyingi, kengele zizimwe, iendelee kuchota kupitia epoll, epoll ikirudi mikono mitupu, kengele ziwashwe na mashine ipumzike. Walisema kwa baadhi ya kazi inaweza kupunguza umeme hadi asilimia 30. Na wazo lenyewe, kwa maelezo yao, lilihitaji kubadilisha mistari 30 hivi ya kodi.

Mistari thelathini. Mimi niliandika mia nne kuangusha seva ya mpira.

Tunaongea kila siku vile vijana wa Nakuru watapata kazi kwa hivyo vituo vya data. Nikisikiliza vizuri, nasikia kazi ya ulinzi, ya kupanda nyasi, ya kuvuta waya. Hakuna aibu kwa kazi yoyote. Lakini kwa nini mvuke uwe wetu, ardhi iwe yetu, halafu mtu anayejua mashine ndani inafanya nini atoke mbali kwa ndege? Kodi ya Linux iko wazi kwa kila mtu. Faili ya epoll inaitwa eventpoll.c, iko ndani ya folda inayoitwa fs, na jirani yake select.c iko hapo hapo. Hakuna getini, hakuna ada, hakuna mtu atakuuliza ulipata gredi gani KCSE.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Kama una laptopu yenye Linux, andika ulimit -n uone kiwango chako; nyingi zitakuonyesha 1024. Chukua programu yoyote ya seva uliyoandika, iendeshe chini ya strace, uone kama inasubiri kwa select, poll au epoll. Kisha fungua miunganisho 2,000 wewe mwenyewe kabla watu wafungue. Ni kazi ya jioni moja. Mimi ilinigharimu jezi kumi na moja kwa sababu niliifanya baada ya fainali badala ya kabla.

Na kwa walimu wa kompyuta wanaosoma hapa: tafadhali, mkitufunza select, tuambieni pia ni ya mwaka gani.

Pesa ya timu nimerudisha nusu. Nyingine narudisha mwezi ujao, mweka hazina anajua, na kama anasoma hii, boss, sijasahau. Niambie kwa maoni: programu yako inauliza kila sekunde ngapi, na ni nani anayelipia hayo maswali?